Profesa wa Baruti

Kwenye khitma ya Mjomba Athumani wanaume watano walipokezana kipaza sauti kumsifu, na wote watano walilitumia neno lile lile: makini. Marehemu alikuwa mtu makini. Makini na familia, makini na kazi, makini na dini yake. Mimi nilikuwa nimekaa upande wa wanawake katika ule ukumbi wa kukodi, sahani ya pilau mapajani, natafuna nyama polepole ili mdomo wangu uwe na shughuli. Mtu makini! Huyu alikuwa akiinusa baruti kama mtu anayechagua iliki sokoni, anafumba macho, kisha anatoa hukumu. Huzuni nilikuwa nayo, sitaki kusema uongo, maana ndiye aliyenipokea uwanja wa ndege nikiwa na kikoti kisichozuia hata umande. Lakini dharau ilikuwa kubwa kuliko huzuni, na ilikuwa ya siku nyingi. Binti yake, Shamim, alinifuata nilipokuwa nanawa mikono. Shamim amezaliwa hapa hapa Toronto. Kiswahili anakielewa chote, ila kukisema anasema nusu. "Dada Zuhura, please, kesho uje nyumbani. Polisi wanakuja kuchukua zile guns za Daddy. Lakini kule chini kuna makopo, I don't even know what's in them. Wewe ndiye mtu wa chemistry."

Nikaenda. Nyumba ni ile ile ya mtaa wa Etobicoke, na chumba cha chini ya ardhi ni kile kile nilichokaa mwaka mzima nilipokuwa na miaka ishirini na miwili, mwaka wangu wa kwanza chuoni. Kitanda changu kimeondolewa, zulia limebadilishwa, lakini meza ya kazi ya Mjomba ilikuwa pale pale, hatua tatu kutoka kwenye tanuri la kupasha nyumba joto. Sijui ni mtu makini wa namna gani anayeweka baruti hatua tatu kutoka kwenye tanuri. Juu ya rafu yalipangwa makopo: la samli, la kahawa, la maziwa ya unga, mawili ya biskuti. Shamim akaniuliza lipi lina nini. Nikamwambia hakuna ajuaye, hata baba yake alikuwa hajui, na polisi wakija wayabebe yote pamoja na bastola bila kufungua hata moja. Akacheka akidhani namtania marehemu. Nilikuwa simtanii.

Asiyelelewa kwetu huenda asielewe habari ya makopo. Katika nyumba ile hakuna kitu kilichokaa kwenye chombo chake. Ukifungua kopo la biskuti unakuta sindano na vifungo. Ukifungua ndoo ya aiskrimu kwenye friza unakuta mchuzi wa samaki wa wiki iliyopita. Chumvi ilikaa kwenye chupa ya kahawa, kahawa kwenye kopo la maziwa, na Anti Rukia, mke wa Mjomba, alikuwa na tabia ya kuunganisha: unga wa zamani ukibaki kidogo chini, anamiminia mpya juu yake, pipa linajaa, maisha yanaendelea. Hakuna aliyekosea, maana mwenye nyumba anajua kilichomo. Kwa unga hakuna ubaya. Mjomba aliichukua tabia hiyo nzima nzima, akaishusha ngazi hadi kwenye meza yake.

Shughuli yake ilikuwa ya Jumapili. Alikuwa na leseni na uanachama wa klabu moja ya kulenga shabaha nje ya mji, na alikuwa na bastola mbili kubwa za silinda ya risasi inayozunguka, zile wanazoziita magnum, nzito kiasi kwamba nilipoishika moja mara ya kwanza mkono uliniuma hadi jioni. Risasi za dukani hakuzitaka. Alizitengeneza mwenyewe: anachukua maganda yaliyokwisha kutumika, anayasafisha, anayatia kifataki kipya cha kuwashia kitakoni, anayatilia baruti, kisha anayafunga kwa kichwa kilichomiminwa kwa madini ya risasi. Hili si jambo la ajabu, wazungu wengi wa klabu ile walifanya hivyo na wengine walifanya vizuri sana. Ajabu ilikuwa Mjomba kujiona mwalimu wao. Mchana alikuwa karani wa bohari la vipuri, mtu wa kuambiwa kaa hapa, simama pale. Jumapili anavaa aproni ya ngozi, anaweka miwani kwenye ncha ya pua, na anakuwa Profesa. Hilo jina walimpa kwa kumcheka, naye akalipokea kama cheo.

Mhadhara wake niliusikia mara nyingi hadi nikaweza kuutoa mwenyewe. Baruti, anasema, ziko za haraka na ziko za polepole. Ya haraka inawaka yote kwa mpigo, inakipiga kichwa cha risasi teke la mgongo. Ya polepole inasukuma, inasindikiza. Sasa madini ya risasi ni laini, ukiyapiga teke yanalainika kitakoni, yanajipaka ndani ya mtutu, unatumia jioni nzima kukwangua. Kwa hiyo kichwa cha kumimina kinataka baruti ya kusindikiza. Hapo, kusema kweli, hakuwa amekosea sana, na ndilo lililonichosha zaidi: alijua nusu ya kila kitu, na ile nusu aliyoijua aliipigia kelele. Ile nyingine, kwamba baruti ya polepole inajaza ganda karibu lote na ya haraka inataka kiasi kidogo tu chini kabisa, kwamba kipimo cha moja kikitiwa nyingine ni balaa, hiyo ilimpita. Kitabu cha vipimo alikuwa nacho. Alikiweka chini ya mguu wa meza ili isiyumbe.

Mwenzake alikuwa Anko Gitau, Mkenya wa mtaa wa Flemingdon Park, fundi wa meno ya bandia. Huyu ndiye aliyejua kazi. Wiki nzima alikuwa anamimina madini kwenye vikalibu vidogo kutengeneza taji za meno ya watu, kazi ya unywele, na Jumapili anapanda mabasi mawili na treni kuja Etobicoke kumimina vichwa vya risasi gerejini kwetu, mlango wazi hata kukiwa na theluji, kwa sababu ya moshi. Siku ya kwanza alimkuta Mjomba anayeyusha kwenye sufuria ya Anti Rukia ya ugali. Akaichukua ile sufuria kimya kimya, akaikanyaga ikabonyea isitumike tena, akatoa yake kwenye begi. "Profesa, unataka kuua familia yako na supper?" Mjomba akacheka kwa sauti kubwa, jinsi anavyocheka mtu aliyeumbuka. Mimi nilipewa kazi ya kushusha chai na chapati, nikawa nakawia makusudi nimwangalie Gitau. Kidole gumba chake na cha shahada vilishika kichwa kilichopoa, anakizungusha kwenye mwanga, anakitupa nyuma kwenye sufuria kikiwa na kasoro ambayo mimi siioni. "Ona, mamii. Hii ina kashimo hapa. Ukiiwacha, itakuaibisha mbele ya watu." Ndiye mtu wa kwanza katika nchi hii aliyenifundisha kitu bila kunifanya nijione mshamba, na nilimpenda kama unavyompenda mwalimu.

Walipokuwa wanakula ndipo ubishi ulipopamba moto. Anti Rukia anapakua wali na maharage ya nazi, Shamim mdogo anakataa kula na kujibu kwa Kiingereza, na wanaume wawili wanagombana juu ya baruti kama wengine wanavyogombana juu ya mpira. Gitau alipima kila chembe kwa mizani. Mjomba alitumia kile kimashine chenye faneli kinachodondosha kwa ujazo. Alikipanga mara moja mwanzo wa majira ya baridi na hakukigusa tena. "Mizani ni ya watu wasiojiamini," akasema. Gitau akamjibu, "Mimi sijiamini, Profesa. Ndiyo maana meno yangu hayatoki." Anti Rukia akacheka hadi akaweka kijiko chini. Mjomba hakula tena siku ile.

Ilitokea mwezi wa nne. Asubuhi ya Jumapili moja nilikuwa kitandani kwangu na kitabu cha mtihani, Mjomba mezani kwake, hatua chache tu kati yetu. Kopo la baruti ya polepole, lile la samli, lilikuwa limepungua. Pembeni kulikuwa na kopo dogo la ile ya haraka ambalo nalo lilikuwa linaishia. Nikamwona analichukua dogo, analitikisa, analimimina lote juu ya ile ya polepole. Hata kwa macho zilikuwa mbali: moja punje za mviringo, nyingine vipande bapa kama pumba. Nikainuka. "Mjomba, hizo si mbili tofauti?" Hakugeuka. "Wewe na kemia yako. Baruti ni baruti, kinachotofautiana ni kopo." Angekuwa mwenzangu chuoni ningempokonya mkononi. Lakini alikuwa mjomba, kaka wa mama yangu, na chumba nilichosimama ndani yake kilikuwa chake. Nikakaa. Kopo lilipoinamishwa kwenye faneli, ya juu ndiyo iliyotangulia chini, na risasi sita za kwanza zilizotoka kwenye kimashine zilijazwa baruti ya haraka kwa kipimo cha ile ya polepole. Hesabu hii niliifanya kichwani nikiwa nimekaa kitandani. Nilifikiri pengine nimekosea.

Klabuni mchana ule Mjomba aliishika bastola mojawapo, akaijaza zile sita, kisha akaikabidhi kwa Gitau kwa mikono miwili. "Mgeni aanze." Ndiyo desturi yetu, mgeni hutangulia, iwe sahani, iwe kiti. Gitau alikataa mara ya kwanza kwa adabu, akakubali mara ya pili. Mimi nilikuwa nyuma ya mstari na kapu la chakula na neno mdomoni. Mlio haukuwa kama milio mingine. Silinda ilipasuka juu, chuma kikaruka, na Gitau akabaki amesimama anautazama mkono wake wa kulia kwa utulivu, kana kwamba anakagua kazi ya mtu mwingine. Kidole gumba hakikuwepo. Cha shahada kilining'inia, na hospitali nacho hawakuweza kukiokoa.

Klabu iliunda kamati ya watu watatu. Siku chache kabla ya kikao nilikuwa chumbani kwangu baada ya kula, na bomba la hewa ya joto la nyumba zile hupitisha maneno ya jikoni vizuri kuliko simu. Nikamsikia Anti Rukia akiuliza, "Na yule mtoto je, si alikuwepo wakati unajaza?" Mjomba akasema, "Aliona nini?" Kisha Mjomba akaongeza, bila hata kupandisha sauti, "Na anakaa wapi?" Ndiyo yote. Hakunitisha wala hakuniomba. Kesho yake mezani alinipakulia paja la kuku, yeye ambaye paja hakuwahi kumwachia hata mkewe, nami nikalila hadi mfupa. Ninamdharau kwa lile paja kuliko kwa baruti yake. Baruti ilikuwa ujinga, na ujinga wa mtu unaweza kuusamehe; paja lilipimwa kwa mizani.

Kikao kilikuwa kwenye kibanda cha klabu, kahawa nyepesi na viti vya kukunja. Mjomba alisimama na kutoa mhadhara. Vichwa vya rafiki yake, alisema, vilimiminwa laini mno. Madini yakajipaka mtutuni wiki baada ya wiki, yakaziba njia, na njia ikiziba silinda hupasuka. Aliongea vizuri. Wale watatu, ambao kila Jumapili walimcheka mgongoni, wakaitikia kwa vichwa kama wanafunzi, kwa sababu mtu akisema uongo kwa istilahi huwa anasikilizwa. Hakuna aliyeomba kuona kopo. Mkubwa wao akanigeukia, mzee wa sauti ya upole, akaniuliza kama siku ile niliona jambo lolote lisilo la kawaida risasi zilipokuwa zinajazwa. Nikasema hapana. Neno moja, kwa Kiingereza safi, tena nikaongeza asante. Gitau alikuwa amekaa mbele yangu, mkono umefungwa bandeji hadi kiwikoni. Akainua ule mzima, akaomba kuzungumza, nikadhani sasa atatutaja sote. Akasema ni kweli, kuna Jumapili moja aliharakisha kumimina kwa sababu ya basi. Kisha akamgeukia Mjomba, akamwomba radhi kwa kumharibia bastola yake.

Mjomba aliipokea ile radhi. Akampiga begani mbele ya watu, akamwambia yamekwisha, ni mambo ya Mungu. Nilihama Etobicoke mwezi wa nane, nikapata chumba na wasichana wa chuo, nikamaliza masomo, nikawa mkemia wa maabara ya kupima maji, mtu wa mizani kutwa nzima. Watu huniuliza kwa nini ninapima mara tatu kile ambacho wenzangu wanapima mara moja, nami husema ni mazoea. Kwa miaka thelathini nimemdharau Mjomba katika kila sikukuu, kila harusi, kila sahani aliyonikaribisha, na sikuona kuwa dharau ile ilinifaa: mradi ninamtazama yeye, sihitaji kutazama kwingine. Yeye alikuwa mjinga. Mimi nilijua. Kati ya wote waliokuwa kwenye kibanda kile, mtu pekee aliyekuwa na ukweli mzima mkononi ni msichana aliyesema asante.

Siku ya tatu baada ya polisi kuyachukua makopo, nilipanda basi la Don Mills hadi Flemingdon Park. Gitau bado yuko jengo lile lile, ghorofa ya kumi na moja, na mkewe Wanjiru alinifungulia kwa kelele za furaha kana kwamba nilikuja jana. Mzee Gitau alikuwa dirishani. Alinipa mkono wa kushoto. Akanipa pole ya msiba, akasema Profesa alikuwa mtu wa stori, aki, walicheka sana. Wanjiru akaleta chai ya maziwa na mandazi, akarudi jikoni. Nikaanza kusema, na nilisema kirefu. Nilianza na umri wangu, nikaenda kwenye kitanda kilichokuwa hatua chache kutoka mezani, kwenye karatasi za uhamiaji ambazo hazikuwa zimekamilika, kwenye mjomba kuwa mjomba, kwenye bomba la hewa na paja la kuku. Kopo la samli lilikuja mwisho, na lilichukua maneno machache kuliko yote yaliyotangulia.

Mzee Gitau hakuonyesha hasira. Aliuliza maswali ya kifundi. Ipi ilikuwa juu? Ilijaza ganda hadi wapi? Kopo lilipomiminwa, lilitikiswa au halikutikiswa? Nikamjibu moja moja. Akafumba macho, midomo inacheza, anarudia hesabu ile niliyoifanya kitandani. Alipoyafumbua akasema taratibu, "Kwa hivyo metal yangu ilikuwa sawa."

"Ilikuwa sawa, Mzee."

"Sikumimina vibaya."

"Hapana."

"Mwangi aliniomba nimfundishe hii kazi," akasema. Mwangi ni mwanawe, alikuwa mtoto wa miaka minane mwaka ule. "Akiwa form four hivi, twelfth grade. Alikuwa na mkono. Mkono wa vidole vitano lakini ni wangu kabisa. Nikamkatalia. Nikamwambia mimi ni fundi aliyejikata vidole kwa kazi yake mwenyewe, nitakufundisha nini? Akalia hapo unapokaa. Sasa anaendesha lori, Brampton." Akaita kuelekea jikoni. "Mama Mwangi! Kuja usikie." Wanjiru akaja anafuta mikono kwa kanga. Mzee akanielekeza kwa kidevu. "Sema tena."

Nikasema tena. Mbele ya Wanjiru, aliyekuwa akimfunga mumewe vifungo vya shati kwa miaka thelathini, habari ya umri wangu haikupita kooni, wala ya karatasi. Nilisema mjomba alichanganya baruti mbili, nikaona, nikamuuliza, akanipuuza, na kamati iliponiuliza nikasema sikuona kitu. Wanjiru hakuketi. Aliniangalia usoni hadi nilipomaliza, kisha akaondoa sahani ya mandazi mbele yangu, akaipeleka jikoni, na nikasikia akiiweka kwenye sinki kwa nguvu.

Mzee Gitau alikuwa amekwisha kuchukua simu. Akaibonyeza kwa kidole cha kati cha mkono wa kulia, kwa wepesi wa mtu aliyezoea, akaiweka mezani na sauti ikatoka nje. Kulikuwa na kishindo cha barabara. "Hey Dad, I'm driving, you okay?" Mzee akamwambia asimame kando, kuna mtu anataka kumwambia jambo. Akangoja hadi kishindo kikatulia. Akaisukuma simu upande wangu. "Mwambie kwa Kizungu," akasema. "Asikose hata neno."

Niliinamia ile simu. Nilitafuta mahali pa kuanzia na pote palikuwa pamekwisha kutumika. "Baba yako hakukosea," nikamwambia kwa Kiingereza. "Nilijua, nikanyamaza."

Kisha sauti ya mwanaume mzima, taratibu, ikaniuliza nilijua tangu lini.

"Tangu siku ile ile," nikasema.

Mzee Gitau akaikata simu. Akanisogezea kikombe changu, kilichokuwa kimejaa na kimekwisha kupoa.

"Maliza chai," akasema, "halafu uende, na usirudi."

Nikaimaliza.